Mfalme Aliua

Nchi ninayoisimulia haina jina. Ilikuwa nalo, ila lilibadilishwa mara tatu ndani ya wiki moja, wachora ramani wakachoka, wakaacha pale doa jeupe. Ukihisi unaijua, msomaji, hayo ni ya kwako. Mimi nilikuwa karani tu, kazi yangu kupiga chapa na kuitikia "ndiyo mzee".

Kiongozi wetu aliitwa Mtukufu. Jina alilopewa na mama yake lilikuwapo, lakini adhabu ya kulitamka ilikuwa kifungo cha miaka saba. Mwaka ule alirudi kutoka ziara ya Ulaya akiwa kimya kabisa, jambo lililotutia hofu kuliko hotuba zake. Siku ya tatu akafungua mdomo.

"Ndugu wananchi! Nimeona treni inayofika dakika ile ile iliyoandikwa. Nimeona wazee wa miaka tisini wakiendesha baiskeli. Nikawauliza wenyeji wangu, mmefanyaje ninyi? Wakanipeleka kwenye jumba la makumbusho, wakanionyesha ukutani hatua zao zote tangu zama za kati hadi leo: tauni, uvumbuzi, matengenezo, mapinduzi, vita kuu, kisha vita kuu nyingine. Wakaniambia, haya ndiyo yaliyotufikisha hapa. Siri nimeinasa! Kumbe sisi tunahangaika na zahanati, wenzetu walianza na tauni! Wao waliyapitia kwa miaka mia saba. Sisi, kwa uwezo wa chama, tutayapitia kwa miezi kumi na minane!"

Tulipiga makofi mpaka viganja vikavimba. Aliyeacha kwanza alipakiwa kwenye gari la kijivu, na hatukumwona tena.

Siku hiyo hiyo ikaundwa Wizara ya Hatua za Ulaya. Waziri wake alikuwa Mheshimiwa Ngwatu, mtu aliyewahi kutumikia serikali nne na kulia machozi ya kweli kwenye mazishi ya tatu kati ya hizo. Mtukufu alikuja na kitabu kinene cha historia alichopewa huko zawadi, lakini wizara nzima hapakuwa na mtu aliyeweza kukisoma. Ndipo alipoitwa Mwalimu Havijawa ili akitafsiri.

Mwalimu Havijawa alinifundisha sarufi darasa la sita. Alikuwa amestaafu, ana macho makali na ulimi mkali zaidi, na aliishi nyumba ya vyumba viwili na mumewe Pandu, fundi viatu. Pandu alikuwa mpole wa kupitiliza. Panya akiingia kibandani kwake, alimfungulia mlango ili atoke kwa heshima.

Kazi ya Mwalimu ilikuwa na masharti mawili. La kwanza, lililoandikwa litatendeka neno kwa neno. "Hata likinigusa mimi mwenyewe!" Mtukufu alitamka, tukapiga makofi. La pili, ni marufuku kusoma mbele, kwa kuwa hata Wazungu walipokuwa wakiishi sura moja hawakuijua inayofuata. Kila sura ilitiwa kwenye bahasha, ikapigwa lakiri, ikafunguliwa hadharani. Waliojua yajayo walikuwa wawili tu: Mwalimu aliyetafsiri na mimi niliyepiga chapa.

*

Bahasha ya kwanza ilisema: "Tauni iliua theluthi ya watu."

Panya wakakusanywa kutoka bandarini, wakaachiwa mitaani. Walikuwa panya wenye afya njema. Wakala, wakazaa, wakanenepa, na hakuna mtu aliyepata hata homa.

"Panya wamegoma," Ngwatu aliripoti. "Lakini theluthi ni theluthi."

Basi watendaji wa kata wakapita nyumba kwa nyumba na marungu, wakihesabu: moja, mbili, wewe. Walipofika kwa Mwalimu Havijawa, yeye alikuwa wa kwanza, Pandu wa pili. Wa tatu alikuwa jirani yao Mwavita, aliyekuja na kikombe kuomba chumvi.

"Mimi si wa nyumba hii," Mwavita alisema. "Nimefuata chumvi tu, jamani."

Mtendaji alipekua fomu yake kwa uadilifu mkubwa. Haikuwa na sehemu ya watu waliofuata chumvi. Wakampiga rungu la kisogo palepale kizingitini, mara tatu, kwa kuwa la kwanza lilimwangusha tu. Pandu alikisugua kile kizingiti kutwa nzima na hakikutakata.

Ikafuata Sura ya Uvumbuzi. Askari mia mbili na nahodha wao walikivumbua kijiji cha Mlonge, chenye shule, msikiti na timu ya mpira iliyoshika nafasi ya pili wilayani. Wanakijiji wakasema wapo pale siku nyingi tu, karibuni chai. Nahodha akasoma kwenye karatasi: "Wenyeji walishangaa sana." Akawatazama. Kwa kuwa hawakushangaa, walipigwa risasi mpaka waliobaki wakashangaa.

Halafu ikaja bahasha ya tatu, na wizara ikaumbuka. Mwalimu alikuwa ameandika, kama vitabu vyote vya shule vinavyoandika, "Matengenezo ya Kanisa". Wenzetu kule walichinjana miaka na miaka kwa ajili ya jambo hilo. Ngwatu yeye alipeleka mafundi. Wakaja na saruji, mabati na ndoo za rangi, wakaziba paa zilizovuja, wakanyoosha misalaba iliyopinda. Rangi iliyobaki wakaupaka msikiti wa jirani. Waumini wa pande zote wakapika pilau, na wiki nzima hakufa mtu ila fundi mmoja aliyedondoka ngazini. Ngwatu alimng'ang'ania kama shahidi wa dini, akamzika kwa mizinga.

Mwalimu alikuja ofisini kwangu uso umemng'aa.

"Zamoyoni mwanangu, umeona? Hawa hawatendi kilichotokea. Wanatenda neno! Neno moja limepaka rangi nchi nzima."

"Nimeona, Mwalimu."

"Basi neno likiweza kupaka rangi..." Nilijua anawaza nini, kwa sababu niliipiga chapa mwenyewe. Bahasha ya nne ilikwisha pigwa lakiri na kuchukuliwa, na ndani yake kulikuwa na "Mapinduzi ya Viwanda".

Nchi yetu ilikuwa na kiwanda kimoja, cha sabuni. Jeshi likaenda kukipindua. Kupindua, kwa askari aliyefunzwa vizuri, ni kuweka chini juu na juu chini. Wakakifunga minyororo, wakakivuta kwa vifaru, kikagoma. Mhandisi wa jeshi akashauri walipue upande mmoja ili kilalie mwingine. Zamu ya asubuhi ilikuwa ndani. Mapipa ya magadi yaliyokuwa yakichemka yaliwamwagikia watu sitini na mmoja, na waliotoka walitoka bila ngozi, wakitembea mikono wameinyoosha mbele, wakaanguka mmoja mmoja barabarani. Ngwatu alikagua kuta zilizolala, akatangaza kwamba viwanda vimepinduka kwa asilimia mia.

Nilimkuta Mwalimu amekaa juu ya tofali pale nje, kitambaa cha kichwa amekivua, anamfunika mtu uso. Hakulia. Alirudia tu, "Ni neno langu. Ni neno langu lile." Mimi nilisimama kando nikiwa na faili kwapani, na kwa aibu yangu nilikuwa nawaza kama nitachelewa kazini.

*

Bahasha ya tano ilifunguliwa kwa sehemu. Mstari wa kwanza ulisema: "Palikuwa na mfalme." Sisi hatukuwa naye. Wizara ikatangaza nafasi ya kazi redioni na, kwa kuwa wananchi walikwisha kupata akili, hakuna aliyeomba. Ngwatu mwenyewe akaandika sifa za mwombaji: awe mpole, asiwe na ndugu wengi, asiwe mtu wa kuuliza maswali. Sifa hizo zilimwangukia Pandu moja kwa moja.

Wakamchukua kibandani akiwa na misumari mdomoni. Wakamvika pazia jekundu la ukumbi wa wizara, wakamtia taji la shaba, wakamkalisha kwenye kiti kirefu. Naye, maskini, alifurahi kidogo. Alikula kuku kila siku na akawashonea walinzi wote viatu vyao. Mkewe alipokuja kumwona alimwambia, "Mke wangu, usiwe na wasiwasi. Kazi yenyewe ni kukaa tu."

Mwalimu alirudi mezani kwangu akiwa amebadilika rangi. Ukurasa uliofuata ulikuwa mbele yetu, nimeupiga chapa tayari, safi, bila kosa: "Mfalme aliuawa mbele ya umati."

"Wakishamfungulia hii wanamchinja," alisema. "Pandu wangu. Hata kuku hawezi kumshika miguu."

"Tuandike nini, Mwalimu? Ukurasa una namba. Mstari una namba. Ngwatu anahesabu maneno kabla ya kupiga lakiri."

"Maneno anahesabu. Herufi je?"

Akachukua wembe niliotumia kuchongea penseli. Macho yake hayakucheza. Akakwangua herufi mbili za mwisho za neno moja, akapuliza unga wa karatasi. Nikasoma: "Mfalme aliua mbele ya umati." Maneno matano, kama kawaida. Mwalimu akakaa kitini akashusha pumzi ndefu, na mimi nikaona kwamba hakuna sarufi nzuri kuliko ile duniani.

*

Siku ya kufungua sehemu ya pili, Uwanja wa Taifa ulijaa watu elfu arobaini, wote wameletwa kwa malori. Sura ilianza na umati kuvunja gereza, kwa hiyo tangu alfajiri walipelekwa kuvunja gereza la mkoa. Waliwatoa askari jela watano wakawapiga mawe mpaka hawatambuliki. Wafungwa nao walitoka, wakazungukazunguka, kisha wakarudishwa ndani kwa sababu kitabu hakikusema waende wapi. Saa nne asubuhi Ngwatu alipanda jukwaani, Mtukufu nyuma yake kwenye kiti cha ngozi, Pandu pembeni na taji lake.

"Mfalme aliua mbele ya umati!" Ngwatu alisoma kwa sauti ya radi. Akageuza ukurasa, akaugeuza tena. "Aliua... aliua nani? Mwalimu Havijawa! Njoo hapa mbele. Kitenzi hiki kinadai yambwa. Yambwa yenyewe iko wapi?"

Hilo hatukuwa tumelifikiria. Tulikata neno tukadhani tumemaliza.

"Kitabu kimeishia hapo, Mheshimiwa."

"Lazima aue kitu!"

"Basi aliua mbu."

Uwanja ukacheka. Ilikuwa mara ya kwanza kusikia kicheko cha watu wengi kwa miezi kumi na moja, na nilikuwa nimesahau kinavyosikika.

"Mbu si mtu!" Ngwatu alifoka.

"Mbu yumo kwenye ngeli ya A-WA, Mheshimiwa. Mmekaa humo pamoja."

Kicheko kikazidi. Mtukufu hakucheka. Aliinuka polepole, akashuka mpaka alipo Mwalimu.

"Ulaya haikuendelea kwa kuua mbu," alisema. "Taja mtu. Yeyote. Nchi imejaa watu."

Mwalimu aliutazama umati. Kila alipogeuza macho, watu walijikunyata nyuma ya wenzao. Na mimi niliinama nikajifanya nafunga kamba ya kiatu.

"Siwezi," alisema. "Sitamtaja mtu."

"Basi atataja mfalme mwenyewe. Mpeni shoka."

Pandu alipewa shoka. Alilishika vibaya, kwa mikono miwili, karibu na chuma. "Mke wangu," aliita, "hawa wanataka nifanye nini?"

Hapo Mwalimu alishindwa kuvumilia. "Usimguse mtu, Pandu! Ni wewe! Kitabu kilisema wewe ndiye uliyeuawa. Nimekwangua silabi mimi. Tupa shoka hilo twende nyumbani!"

Mtukufu aliangua kicheko mpaka akafuta machozi. "Silabi! Ngwatu, lete kalamu, irudishwe. Na wewe mzee, nipe hilo shoka." Akanyoosha mkono.

Pandu alimpa, kwa upande wa makali. Pigo la kwanza lilimpata begani, la pili shingoni. La tatu halikuhitajika, wala la nne. Damu ilirukia pazia jekundu na haikuonekana. Nilisikia bendera ikipepea.

Ngwatu alifuta miwani yake. Akautazama mwili, akautazama ukurasa, akamtazama Pandu. Kisha akapaza sauti: "Mfalme aliua Mtukufu! Sentensi imekamilika! Kitabu kimetimia!"

Makofi ya siku ile yalikuwa ya kweli. Nilipiga na mimi. Mwalimu alimfikia mumewe akamshika mkono. Nilimsikia Pandu akimwambia, "Natetemeka, Havijawa. Nipeleke nyumbani." Lakini watu walikwisha kumbeba juujuu, na vidole vyao vikaachana.

*

Bahasha iliyofuata ilisema jenerali mmoja alijivika taji kwa mkono wake mwenyewe. Pandu alivua lake, akalivaa tena. Ngwatu akamwita Mtukufu, na kutetemeka kukaisha.

Mwanzoni waliuawa mawaziri wa zamani, isipokuwa mmoja unayemjua. Kisha waliochelewa kupiga makofi uwanjani, kisha waliowahi mno. Pandu hakupenda tena shoka, alisema linachafua. Alitumia kisu chake cha kukatia soli, na alikuwa na mkono mwepesi wa fundi.

Tukafika Vita Kuu. Nchi jirani ziliombwa kwa barua rasmi zitushambulie. Mbili zilikataa kwa adabu, ya tatu haikujibu. Basi yakachimbwa mahandaki mawili, vijana wa wilaya za kaskazini wakatiwa la huku, wa kusini la kule, hatua ishirini kati yao. Wengine walikuwa wamesoma darasa moja. Asubuhi ya kwanza filimbi ilipigwa, wakapanda juu, bunduki za rashasha zikawafyeka. Waliobaki wamenasa kwenye seng'enge waliita mama zao kutwa nzima.

Redio ikatangaza: "Vijana mia nne waliuawa." Na nchi nzima, sokoni, visimani, misikitini, ikauliza swali moja: na nani?

Mwalimu alikwenda Ikulu mchana wa siku ya pili. Nilikuwapo, naandika kumbukumbu.

"Nimekuja kukuchukua, Pandu," alisema. "Kibanda chako nimekifagia."

"Na kitabu atakimaliza nani?" Alikuwa ananenepa, sauti imekuwa nzito. "Sikia. Neno hili 'waliuawa' lina mkia. Mtu akilisikia tu anauliza, na nani? Naifuta ile 'wa'. Kuanzia leo, vijana mia nne waliua. Basi. Hakuna swali."

"Wale watoto hawakuua mtu!"

"Redio itasema waliua."

"Ile silabi mimi niliitoa ili nikuokoe."

"Na mimi naitoa kwa sababu hiyo hiyo."

Pandu akainamisha macho. "Kiatu chako kimeachia soli," alisema kwa sauti yake ile ya zamani. "Vua nikushonee." Akapiga goti sakafuni, akatoa uzi na sindano mfukoni, akashona taratibu, ulimi umemtoka pembeni ya mdomo kama kawaida yake. Mwalimu alimwekea mkono kichwani, kando ya taji. Niliamini, naapa, kwamba angeinuka waende zao. Akakata uzi kwa meno, akamvisha kiatu, akarudi mezani akatia saini.

Hivyo ndivyo tulivyopata Sheria ya Kufuta Kauli ya Kutendwa. Karatasi hizi nimezificha mahali, ndiyo maana humu naandika kama nilivyofundishwa. Huko nje mambo yalikuwa mengine. Watoto wachanga walizaa hospitalini. Wezi walikamata. Mabibi harusi walioa, masheikh wakashika vichwa. Mlevi mmoja alisema "nimelewa", akala viboko kwa kuwa neno lake lilimalizika vibaya. Na wazazi wa wale vijana mia nne walipokwenda kudai maiti, walitiwa ndani kwa kosa la kulea wauaji.

*

Jumatano asubuhi Mwalimu Havijawa alikwenda na boksi la chaki kwenye ukuta wa Ikulu. Akaandika kwa herufi kubwa za ubaoni: WALIUAWA. Chini yake akaanza kuorodhesha majina, yote mia nne, aliyokusanya nyumba kwa nyumba. Watu walisimama mbali wakitazama. Mama mmoja alipaza sauti, "Mwalimu, wangu ni Tegemea, usimsahau," naye akaitikia bila kugeuka, "Nimemwandika, mama."

Ngwatu alimpelekea Pandu fomu. Pandu aliisoma, akauliza, "Ni yeye?"

"Ni yeye, Mtukufu."

Aliikunja, akaikunjua. Kisha akaomba kalamu.

Mwalimu alikuwa amefika jina la sitini na tatu. Askari walimpiga risasi saba mgongoni na chaki ikachora mstari mrefu mpaka chini. Nilimwona kupitia dirishani.

Taarifa ya Serikali ililetwa mezani kwangu saa tano. Ngwatu alisimama nyuma yangu akinipumulia shingoni. Nikapiga: "Mwalimu Havijawa aliua". Kidole changu kikaenda juu ya herufi W, kikakaa. Nilijua yule mwanamke hakukubali kumtaja hata mtu mmoja mbele ya watu elfu arobaini. Nilijua, na kidole kilijua.

Ngwatu akakohoa.

Nikabonyeza nukta.